Mshairi na Mwalimu wa Utunzi Lindi na Mtwara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huja kutoka kwa wanafunzi wa sekondari, walimu wa Kiswahili, waandaaji wa sherehe na watu wazima wenye madaftari ya mashairi yaliyokaa kabatini miaka. Mengine ni ya kanuni, mengine ya fedha. Tumeyajibu kwa urefu pale ambapo watu hukwama kweli.

Mshairi wa mikoa hii anaishi kwa kazi gani?

Mara nyingi kwa kufundisha. Diwani, yaani kitabu cha mashairi, huuzwa polepole, na gazeti au redio huleta jina kuliko fedha. Kinachoingiza riziki ni vitu vitatu: ualimu (shuleni, chuoni au darasa la jioni), mashairi ya kuagizwa kwa ajili ya sherehe na kampeni za afya au kilimo, na kuhariri kazi za wengine. Wengi wana mikorosho au ufuta pembeni, na hilo halimpunguzii mtu ushairi. Anayeacha kazi yake ili "awe mshairi tu" kabla hajawa na wateja wa kudumu hujikuta anatunga chochote anachoambiwa.

Kwani Kusini kuna ushairi wa zamani? Tunasikia Lamu, Mombasa, Pemba na Tanga tu.

Upo, ila haufundishwi sana. Kilwa ni miongoni mwa mahali penye maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili tuliyo nayo: kuna barua za mwaka 1711, za hati ya Kiarabu, zilizoandikwa Kilwa na kuhifadhiwa Goa, India. Kwa upande wa tenzi, jina la kwanza kumpa mwanafunzi wa Lindi ni Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyetunga utenzi wa Vita vya Majimaji. Utenzi huo ulichapwa Ujerumani mwaka 1933, kisha ukatolewa tena mwaka 1957 na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Vita vyenyewe vilianza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, ambayo leo ni wilaya ya Kilwa, kwa hiyo mtunzi alikuwa anasimulia mambo ya jirani zake.

Mwalimu akiusoma na darasa, asiishie kwenye historia. Awaulize wanafunzi mtunzi amesimama upande gani, anamwita nani mwasi, na anamsifu nani. Utenzi ule ulitungwa chini ya utawala wa Wajerumani na unasomeka hivyo.

Nianze na nini: vina, mizani au mada?

Mizani, yaani hesabu ya silabi. Vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, unavisikia hata bila kufundishwa, na mada unayo tayari. Mizani ndiyo inayohitaji mkono wa mwalimu. Chukua majina ya kwenu na uyapigie meza, silabi moja pigo moja: Li-ndi ni 2, Ki-lwa 2, Ma-sa-si 3, Ne-wa-la 3, Ru-a-ngwa 3, M-twa-ra 3, Mi-ki-nda-ni 4, Ta-nda-hi-mba 4, Na-chi-ngwe-a 4. Ukiweza kuyataja yote bila kusita, ingia kwenye sentensi.

Mbona kila nikihesabu napata 8, mwalimu akihesabu anapata 7 au 9?

Sababu karibu zote ni nne.

Ya kwanza ni m inayosimama peke yake. Katika "Mtwara", "mtoto" na "mkulima", m ni silabi kamili. Anayesoma "Mtwa-ra" kwa mapigo mawili atadhani kipande chake kina 8, kumbe kina 9.

Ya pili ni kinyume chake: m au n iliyoungana na konsonanti inayofuata. "Mbuzi" ni mbu-zi na "ndege" ni nde-ge, mapigo mawili kila moja. Lakini maneno mafupi sana huitenga m au n: m-bu, m-bwa, n-chi, n-ge, n-ta. Hapa usikariri kanuni, tamka neno polepole usikie sauti inakaa wapi.

Ya tatu ni maneno ya mkopo yenye konsonanti bila irabu. Da-k-ta-ri ni 4, la-b-da ni 3, A-l-ha-mi-si ni 5, s-ta-ka-ba-dhi ni 5.

Ya nne ni irabu mbili zinazofuatana. "Mkuu" ni m-ku-u, silabi tatu. "Bei" ni mbili. Ukizivuta kwa haraka kama katika mazungumzo, kipande kinapungua.

Nionyesheni ubeti mmoja uliochambuliwa.

Huu ni wa darasani, wa tarbia (shairi la mishororo minne kwa ubeti), mizani 8 kwa 8:

Korosho zimeanguka, twaziokota shambani,
Gunia limefungika, lasubiri barazani,
Mnada ukishafika, bei iwe hadharani,
Imani tumeiweka, stakabadhi ghalani.

Mishororo ni minne. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi (cha kwanza) na utao (cha pili). Kina cha kati ni -ka, cha mwisho ni -ni. Jumla ya ubeti ni mizani 64. Angalia utao wa mwisho: s-ta-ka-ba-dhi gha-la-ni, 5 na 3. Maneno hayo, jina la mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala, ambayo kila mkulima wa korosho anayasikia msimu mzima, yanakaa yenyewe kwenye mizani 8, na kipande kama hicho kinafaa kuwa kibwagizo kwa sababu wasikilizaji watakiitika bila kufundishwa.

Sasa mshororo wa tatu. Toleo ambalo wanafunzi huandika kwanza ni "Mnada ukifika", m-na-da u-ki-fi-ka, mizani 7. Wengi hurekebisha kwa kuchomeka neno la kujazia: "Basi mnada ukifika" (sasa ni 9), au "Na mnada ukifika", ambayo inatimia 8 lakini hiyo "na" haina kazi. "Ukishafika" inatimiza mizani na inaongeza maana: bei itajwe mnada ukiwa umefika, isisemwe pembeni kabla. Silabi ya kuongeza itafutwe ndani ya kitenzi kwanza. Huko ndiko Kiswahili kina nafasi.

Naruhusiwa kufupisha au kurefusha neno ili litoshe?

Ndiyo, kwa kiasi. Inkisari hufupisha: "rafiki yako" (5) huwa "rafikiyo" (4), "aliyekuja" (5) huwa "alokuja" (4). Mazda hurefusha, kama "enda" kuwa "enenda". Kwa anayeanza, mara moja katika ubeti inatosha. Zikizidi, msomaji anaona fundi aliyekata mbao vibaya. Na usivumbue ufupisho wako mwenyewe: kama hakuna mtu anayeusema na hakuna mtunzi aliyewahi kuutumia, huo si inkisari.

Vina vyangu vinasikika sawa, mbona mwalimu ameviwekea alama nyekundu?

Soma herufi. Kwa wengi waliokua wakisema Kimakonde, Kimwera au Kiyao nyumbani, r na l hubadilishana mdomoni. Mtunzi akiandika "habari" mshororo wa kwanza na "asali" wa pili, yeye na jirani yake wanasikia kina kimoja. Msomaji wa Tanga au Unguja anaona -ri na -li, na kwake hilo ni shairi guni, lenye kasoro ya vina. Dawa ni kuandika vina vyote vya shairi pembeni mwa ukurasa kabla ya kughani, na kukagua kwa macho, kila neno lenye r au l likipitishwa kwenye kamusi.

Kosa jingine ni kina cha -ni. Kila mahali panaweza kuwa -ni: shambani, ghalani, sokoni, baharini. Ndiyo maana tumekitumia katika mfano hapo juu, na ndiyo maana walimu wengi hukipiga marufuku mwezi wa kwanza. Vivyo hivyo vitenzi vya -ka na -wa. Mwanafunzi aliyelazimishwa kutafuta vina vya -mbo au -zi huanza kufungua kamusi, na msamiati wake unaonekana kukua baada ya mashairi matatu manne.

Nimetimiza vina na mizani, bado naambiwa shairi halina kitu.

Hapo umefika kwenye kazi yenyewe. Arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, hufundishika kwa wiki chache. Muwala, yaani beti kufuatana kwa sababu, huchukua miaka, na hakuna hesabu ya kuukagua.

Jaribio moja husaidia: badilisha ubeti wa tatu na wa tano. Kama shairi halikuharibika, beti zako hazitembei, zimekaa tu. Jaribio la pili: andika kwa maneno ya kawaida jambo moja ambalo kila ubeti unaongeza. Ukikuta "elimu ni nzuri" mara nne, futa tatu.

Ugonjwa mkubwa wa mashairi ya shule zetu ni kuhubiri. Ubeti wa kwanza salamu, wa pili kuomba ruhusa, wa tatu "nawaambia", wa nne "tuache", na hakuna kitu hata kimoja kinachoonekana. Mwambie mwanafunzi atunge kuhusu dagaa wa Mikindani wanaokaushwa juani bila kutumia neno "maendeleo". Atalalamika. Kisha ataanza kutaja chumvi, mkeka, kunguru, na shangazi anayewageuza, na hapo darasa linaanza.

Mashairi huru ni mashairi?

Ni mashairi, hata kama hayafuati vina na mizani. Ugomvi huo uliwaka miaka ya 1970 na vitabu vya pande zote mbili viko shuleni leo. Ila anayekimbilia huru kwa sababu mizani imemshinda hutambulika upesi: mistari yake ni nathari iliyokatwa. Tunashauri kutimiza tarbia ishirini safi kwanza. Huru nalo lina masharti, kwa kuwa pale mstari unapokatika lazima pawe na sababu.

Darasa la utunzi linaendeshwaje?

Mpango unaofanya kazi kwa watu wazima ni wiki 8, vipindi 2 kwa wiki, dakika 90 kila kimoja, watu wasiozidi 15. Wakizidi hapo, mwalimu hawezi kusoma daftari la kila mmoja, na darasa bila kusomwa daftari ni hotuba. Wiki mbili za kwanza ni mizani na vina tu, kwa mdomo na kwa kupiga meza. Wiki ya tatu na ya nne ni tarbia. Ya tano ni utenzi: vipande vinne vya mizani 8, vitatu vya mwanzo vikiwa na kina kimoja na cha nne kikibeba kina cha utenzi mzima, kisichobadilika toka mwanzo hadi mwisho. Hapo wanafunzi hushindwa kwa kuchagua kina kigumu cha mwisho, wakakiishiwa kabla ya ubeti wa ishirini. Chagua kina chepesi kwa utenzi, kigumu kiweke kwenye tarbia.

Wiki zilizobaki ni kusahihisha. Kila mtu anasoma ubeti wake mara mbili: mara ya kwanza wenzake wanasikiliza tu, mara ya pili wanahesabu kwa vidole. Mwandishi haruhusiwi kujieleza. Kama maana inahitaji maelezo ya dakika tano, maelezo hayo yaingie kwenye shairi au yaachwe.

Kalenda ni muhimu kuliko mtaala. Kuanzia Oktoba hadi Desemba watu wako kwenye korosho, mahudhurio yanashuka hata ukitoa chai. Masika barabara za vijijini huwa na matope. Likizo ya katikati ya mwaka vijana wengi wamo kwenye jando na unyago au wanahudumia ndugu zao. Muda mzuri ni mwishoni mwa Julai hadi Septemba.

Naweza kutunga kwa Kimakonde, Kimwera au Kimakua?

Unaweza, lakini usikibebeshe vina vya Kiswahili kwa nguvu. Nyimbo za lugha hizi hushikiliwa na ngoma na kiitikio: mmoja anatoa, kundi linapokea. Mtu anayetaka kuleta mdundo wa sindimba, ngoma ya Wamakonde, kwenye Kiswahili aangalie kiitikio kwanza, vina baadaye.

Nimeagizwa shairi la mgeni rasmi. Nifanye nini?

Uliza mambo manne kabla ya kushika kalamu: dakika ngapi, nani atasoma, ujumbe mmoja ni upi, na mgeni ni nani kwa cheo. Ubeti wa tarbia husomwa kwa sekunde kama 20, na ukighaniwa huchukua 35 hadi 40. Ukipewa dakika nne, tunga beti 6 za kughani. Waandaaji watataka 12 ili kila idara itajwe, nawe kataa kwa upole: kwenye viwanja vya Ngongo siku ya Nane Nane, jua likiwaka, hakuna anayesikiliza ubeti wa tisa.

Usiweke jina la mgeni kwenye kina. Mgeni hubadilika asubuhi ile ile na kumtuma mwakilishi, na kina cha jina lake kikiwa kimeshika shairi zima umekwisha. Tumia cheo. "Mkuu wa Mkoa" ni mizani 7, na "Mkuu wa Wilaya" ni 7 vilevile, kwa hiyo kimoja kinaingia mahali pa kingine bila kuharibu kitu. "Katibu Tawala" ni 6, acha nafasi ya silabi moja ya kuongeza. Mpe msomaji karatasi zenye matoleo yote mawili au matatu.

Watoto wakisoma, wafanye mazoezi na kipaza sauti, hata cha kuazima. Kosa la kawaida ni kumeza utao: pumzi inaisha baada ya ukwapi na kina cha mwisho hakisikiki.

Malipo yakoje?

Nusu kabla ya kuanza, nusu siku ya kukabidhi, si siku ya sherehe. Sherehe ikishapita simu hazipokelewi. Andikeni hata karatasi moja: idadi ya beti, tarehe, marekebisho mangapi ya bure (mawili yanatosha), na nani anabaki na haki ya shairi. Mteja akitaka kulitumia tena kwenye tangazo la redio, hilo ni jambo la kulipiwa upya, na liandikwe mapema.

Lakabu ni lazima?

Lakabu, yaani jina la kishairi, si lazima. Lakini kwenye malumbano ya magazetini na redioni inasaidia, maana watu hujibizana na lakabu bila kugusa ukoo. Chagua fupi, yenye mizani 3 au 4, itakayokaa kwenye ubeti wa mwisho unapojitaja. Na kabla ya kujiita Shaha au Malenga, ngoja wengine wakuite.

Katika malumbano, jibu kwa bahari (aina ya shairi) ile ile, mizani ile ile, na ikiwezekana vina vile vile vya aliyekuchokoza. Anayebadili bahari amekimbia uwanja. Fumbo lijibiwe kwa fumbo.

Nilindeje kazi zangu?

Tanzania haki inaanza pale unapoandika. Kusajili Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA) hakuundi haki, kunakupa ushahidi. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ulinzi ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo warithi wana kitu mkononi. Kinacholindwa ni maneno yako. Wazo la kutunga kuhusu bei ya ufuta si lako peke yako.

Weka tarehe kwenye kila shairi, piga picha ukurasa wa daftari, jitumie kwa barua pepe. Muswada ukipelekwa Dar es Salaam kwa basi, nakala ibaki nyumbani. Soma mkataba wa uchapishaji neno kwa neno: "haki zote" na "haki ya toleo la kwanza" ni vitu viwili tofauti, na mwalimu mmoja mmoja bado anasaini cha kwanza akidhani ni cha pili.

Kuchapa diwani kunahitaji nini?

Mashairi 50 hadi 60 yaliyochujwa, mhariri ambaye si rafiki yako, na namba ya ISBN kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ukubwa wa A5 unafaa kwa sababu mshororo wa mizani 16 unakaa kwenye mstari mmoja. Ukichagua kitabu kidogo zaidi au herufi kubwa, utao utaanguka chini na ubeti utaonekana una mishororo minane. Hili ndilo kosa la upangaji tunaloliona zaidi. Kagua kila ukurasa kwenye karatasi, si kwenye kioo cha simu.

Kitabu cha kubana kwa pini kina kurasa zinazogawanyika kwa 4. Cha gundi kisipofika kurasa 64 mgongo wake huwa mwembamba na huachia. Usivunje ubeti kati ya kurasa mbili.

Anza na nakala 200. Mvua za Desemba hadi Aprili na unyevu wa pwani hukunja karatasi, na mchwa hawaulizi bahari ya shairi. Weka maboksi juu ya mbao, mbali na ukuta, na mauzo yapange kabla ya mvua. Chapa za misheni kama Ndanda ziko karibu kuliko Dar es Salaam, hivyo unaweza kwenda mwenyewe kuona karatasi ya kwanza kabla mashine haijaendelea.

Kuna tuzo za kujaribu?

Mbili kubwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa mara ya kwanza Aprili 2023 na ushairi umo. Tuzo ya Safal ya Kiswahili ya Fasihi ya Afrika ilianzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na hupokea miswada ya ushairi pia. Soma masharti ya mwaka husika, hasa idadi ya kurasa na kama muswada uliokwisha kuchapwa unakubaliwa. Wengi huondolewa hapo kabla hata ubeti wa kwanza haujasomwa.

Lazima niwe na shahada ili nifundishe utunzi?

Kwa darasa la jioni au klabu ya shule, hapana. Kwa ajira ya shule au chuo, taratibu za ualimu zinatumika, na vyuo vya ualimu viko Mtwara, Kitangali na Nachingwea, pamoja na Stella Maris kwa ngazi ya shahada. Mkuu wa shule akikukaribisha kuongoza klabu, nenda na mpango wa wiki 8 ulioandikwa na mashairi yako matano yaliyopigwa chapa. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ni nafasi nzuri ya klabu kuonekana, lakini ombi lifike Mei, kabla shule hazijafunga.